Mliuliza: Makumbusho na magofu ya visiwani, tuanzie wapi?

Assalam alaykum na habari za nyumbani. Toleo lililopita niliomba mnitumie maswali ya likizo, nikajua mtaniuliza habari za hoteli na bichi, kumbe meseji nyingi zilizokuja mnauliza makumbusho, magofu, taarabu, wapi pa kuwapeleka watoto wakaona mambo ya wazee wetu. Nimefurahi mno wallahi. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuwatembeza wanafunzi wa skuli ndani ya Mji Mkongwe, kwa hiyo ya Unguja nayajua kwa miguu yangu, na ya Pemba, Lamu na Kilwa nimeyafuata mwenyewe kwa mashua na mabasi. Haya, twende.

Shikamoo bibi. Mwezi wa 12 tunakuja Unguja na wanangu wawili, mmoja ana miaka 8 mwengine 12. Tuna siku mbili tu alafu tunarudi Dar na boti. Sitaki warudi wameona mchanga peke yake. Tuanzie wapi? (Mama wa wawili, Temeke)

Marahaba mwanangu. Siku mbili zinatosha, ila usitake kuwaonesha kila kitu manake mtoto akichoka hata umpeleke kwenye dhahabu atakuuliza tunarudi saa ngapi. Mkitoka getini bandarini shikeni mkono wa kulia mfuate bahari. Hapo hapo mbele yenu mtaona jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa, wenyewe wanaliita Ithnashiri. Alianza kulijenga tajiri wa Kihindi Tharia Topan mwaka 1887, akafa kabla halijaisha, likamalizika 1894, na baadae likawa zahanati. Simameni dakika tano tu mtazame ile mbao ilivyochongwa alafu mwendelee.

Mbele kidogo ni Kasri, Beit al-Sahel, ambalo tokea 1994 ni makumbusho. Ulizeni mlangoni kama limefunguliwa siku hiyo, majengo haya ya zamani yanaingia matengenezo mara kwa mara. Mkiingia msipoteze muda mwingi kwenye viti na vitanda vya masultani, wapeleke wanao moja kwa moja kwenye habari za Sayyida Salme. Huyu alikuwa mtoto wa Sultani Said, kazaliwa 1844 kule Mtoni, na zama hizo watoto wa kike walifundishwa kusoma lakini si kuandika, basi yeye akajifundisha mwenyewe kwa siri, akawa ananakili herufi za Kur'ani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mfupa wa ngamia ndo daftari lake! Mie nimewasimulia habari hii watoto wa skuli sijui mara ngapi na kila mara darasa zima linanyamaza. Mwaka 1866 akaondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, na 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake mwenyewe. Mwambie yule wa miaka 12 kwamba ule mfupa ndo ulioanza hicho kitabu.

Alafu Ngome Kongwe, hapo waache wakimbie. Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno, mwisho wa miaka ya 1690 hivi, ndani kuna uwanja wa wazi ambapo matamasha yanafanyika, kama vile Sauti za Busara kila mwezi wa pili tokea 2004, na tamasha la filamu la ZIFF. Jioni vukeni mwende Forodhani mkale.

Siku ya pili tokeni mjini, nendeni Kidichi. Pale kuna hamamu ambalo Sultani Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, na kuta zake zina maua na ndege waliochongwa kwenye chokaa, ufundi wa kwao Uajemi uko katikati ya mashamba ya viungo ya Unguja. Watoto wataona karafuu na mdalasini mtini, kwa hiyo mnapata viwili kwa safari moja.

La mwisho kwako. Chukua kitambulisho cha taifa, kila mahali kwenye tiketi uliza bei ya mwananchi, ni ndogo kuliko ya mgeni na ni haki yako. Na mapapasi, vijana wanaowaganda wageni njiani, wakikuzunguka waambie kwa upole tu "ahsante mwanangu, tunajua njia", hawatakufuata.

Bibi, ni kweli Beit al-Ajaib imeanguka? Mi nilisoma kwenye kitabu cha shule kuwa ni jengo la maajabu, nataka kujua maajabu yenyewe ni yapi na imekuaje. (Kijana wa Mwanza)

Haijaanguka yote ila imeanguka vibaya. Ilikuwa tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa ndani kwenye kazi ya ukarabati, upande mmoja wa jengo ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki, Mungu awarehemu. Mie siku ile nilikaa barazani nikashindwa hata kula. Manake lile jengo tumelikuta, wazee wetu wamelikuta, ukija na boti kutoka mbali ndo la kwanza kuliona, ukiliona unajua umefika nyumbani.

Maajabu yake ni haya. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni, likawa refu kuliko nyumba zote za mji, limezungukwa na mabaraza yanayobebwa na nguzo za chuma, likawa na umeme wakati watu wa hapa walikuwa hawajaona taa ya umeme hata moja, na lifti vile vile, na milango mikubwa iliyochongwa aya za Kur'ani ambayo watu walisema tembo anaweza kupita. Sasa mtu wa zama hizo umwambie taa inawaka bila mafuta na chumba kinapanda juu chenyewe, ataiitaje nyumba hiyo kama si nyumba ya maajabu?

Na tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipopiga mizinga kumtoa Khalid bin Barghash kwenye kiti cha usultani, vita ambavyo havikufika hata saa moja, nyumba ya jirani yake Beit al-Hukm ikaharibika isijengwe tena na hii ikabaki imesimama. Ikavumilia mizinga, ikaja kuangushwa na uchakavu. Mwaka 2012 kipande kilishaanguka na makumbusho yaliyokuwa ndani yakafungwa, ndani humo kulikuwa na mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, nimewasimamisha wanafunzi mbele yake mara nyingi sana.

Nikwambie na sababu ya nyumba zetu kuanguka kwa sababu wengi hawaijui. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo, na dari zake ni boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii unapumua, mvua ikinyesha unanyonya na jua likitoka unatoa. Sasa paa likivuja mwaka wa kwanza hamna anayeshughulika, mwaka wa pili boriti inaoza kwenye tundu lake la ukutani pale pasipoonekana, alafu anakuja fundi anapiga plasta ya saruji ili ukuta upendeze, kumbe ameufungia maji ndani, hayatoki tena, yanakula chokaa kidogo kidogo. Nyumba inaonekana mpya na ndani imeshakuwa uji. Kwa hiyo mwenye nyumba ya mawe asiniulize rangi, aniulize paa na chokaa. Mafundi wanaojua kupika chokaa na kuipiga ukutani wapo bado lakini ni wachache, na wale vijana wanaojifunza kwao mi nawaheshimu kama ninavyomheshimu daktari.

Ukija Unguja lione kwa nje na uulize hapo hapo kazi ya kulijenga imefikia wapi, usilipange kama mahali pa kuingia.

Assalam alaykum. Nataka kumpeleka mwanangu wa miaka 9 kwenye soko la watumwa Mkunazini lakini mama mkwe anasema nitamtia hofu, ni mdogo. Unasemaje? (Baba Salma, Mombasa)

Waalaykum salaam. Mama mkwe ana hoja na usimpuuze, ila mimi ningempeleka, na ningempeleka kwa utaratibu.

Uanze nje, kwenye sanamu. Ni watu watano wa kuchongwa wamesimama ndani ya shimo, shingoni wana minyororo, na ile minyororo ni ya kweli, ya enzi zile. Aliichonga msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Mtoto wa miaka 9 anaielewa bila maneno. Kaa kimya nae, muache aulize yeye kwanza. Watoto wengi niliowapeleka hawaulizi "nani kafanya", wanauliza "mama yao yuko wapi", na hilo ndo swali la kulijibu taratibu, kwamba waliletwa kutoka mbali bara, kutoka sehemu za Ziwa Nyasa na kwengine, wametembea miezi, na wengi hawakuwaona mama zao tena.

Alafu ingieni kanisani. Nyie ni Waislamu najua, mnaingia kama wageni, mnakaribishwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huo huo wamisheni wakaanza kujenga kanisa juu yake, msimamizi akiwa Askofu Edward Steere ambae pia alikusanya hadithi za Kiswahili akazichapa. Altare imewekwa pale ambapo panasemwa palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Kuna msalaba uliotengenezwa kwa mbao ya mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Na kwenye nguzo za nyuma mtaoneshwa zilizosimamishwa kichwa chini, wenyewe wanasimulia kwamba mafundi walizigeuza wakati askofu hayupo na zikaachwa hivo hivo mpaka leo.

Tokea 2016 hapo pana chumba cha maonesho chenye maelezo mazuri, na maandishi ya Kiswahili yapo, someni.

Kuhusu vile vyumba vya chini, niseme wazi. Wageni wote wanashushwa kule na kuambiwa hapa ndo walipofungiwa watumwa kabla ya mnada. Lakini wapo wanahistoria wanaosema jengo lile lilijengwa na wamisheni kama hospitali baada ya soko kufungwa, kwa hiyo vyumba vile haviwezi kuwa vya watumwa. Mimi namfundisha mtoto yote mawili. Ukatili ulikuwepo hapa hapa kwenye ardhi hii, huo hauna ubishi, na umri wa chumba ni jambo la kuchunguza. Kwa mwanao wa miaka 9 kule chini si lazima, ni kiza na dari ni fupi, hofu ya mama mkwe itakuwa ya kweli. Akifika miaka 12 mrudishe ashuke.

Na mkiwa na gari nendeni Mangapwani. Kule kuna shimo lililochongwa kwenye mwamba wa matumbawe ambalo lilitumika kuwaficha watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku, yaani sheria imetoka na watu wameendelea usiku usiku. Utumwa wenyewe hapa Unguja haukufutwa mpaka 1897. Miaka 24 baada ya soko kufungwa. Watu wengi hawaijui hiyo.

Bibi naomba unieleze siwa ni kitu gani. Nimeona picha ya Lamu tu. (Mwanafunzi, Malindi)

Siwa ni baragumu kubwa la heshima, linapulizwa kwa ubavuni si kwa nchani. Ile maarufu ya kisiwa cha Pate ni ya pembe za ndovu, ndefu kupita mita mbili, na ya Lamu ni ya shaba iliyonakishiwa. Haikuwa ala ya kila mtu, ilipulizwa kwenye harusi za watu wakubwa, kwenye jando, na kumtawaza mfalme, na mji uliokuwa na siwa ulikuwa mji kweli.

Kwa kuwa uko Malindi hapo we si mbali, nenda Lamu uyaone mambo haya kwenye makumbusho yao. Ukitoka hapo ingia Nyumba ya Waswahili, ni nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa ikarudi kama ilivyokuwa, utazame zidaka, vile vishubaka, zilivyopangwa ukutani na uangalie chumba kilivyo chembamba na kirefu. Sababu ya wembamba ni boriti, mkoko hauna urefu wa kuvuka chumba kipana, kwa hiyo mti wa baharini ndo umeamua upana wa nyumba za wazee wetu pwani nzima! Alafu Ngome ya Lamu iliyoisha kujengwa 1821, ambayo ilikuwa jela mpaka 1984.

Ukiwa na siku ya ziada tafuta nahodha akupeleke Takwa kisiwani Manda, maji yakijaa tu ndo mashua inapita ule mkondo wa mikoko. Ni mji uliohamwa karne ya 17, una msikiti na kaburi la mnara, na watu wa Shela mpaka leo wanaenda kuomba dua pale. Ndo maana nikifika Takwa mi navua viatu pale msikitini japo hauna paa.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari mkoa wa Lindi. Kila mwaka tunafundisha Kilwa ubaoni na hatujawahi kuwapeleka wanafunzi. Mkuu wa shule amekubali safari moja. Nifanyeje wasirudi wakisema wameona mawe? (Mwalimu, Lindi)

Marahaba mwalimu wangu, swali lako limenifanya niamke usiku kuandika.

Kwanza mambo ya njiani. Kisiwa chenyewe, Kilwa Kisiwani, kinavukwa kutoka Kilwa Masoko, ni mwendo mfupi, lakini kabla ya kuvuka pita ofisi ya magofu hapo Masoko mkate kibali na mpewe mtu wa kuwatembeza, hiyo ni lazima. Pangeni boti na uulize maji yanajaa saa ngapi, maji yakitoka mnashuka mbali na mnatembea kwenye matope. Majaketi ya kuokolea kwa kila mtoto, usikubali kuambiwa karibu tu hapa. Vukeni asubuhi na kila mtu awe na maji na kofia, kisiwani kivuli ni cha miti si cha majengo.

Sasa ya mawe. Usiwaanzishie msikitini. Waanzishie ufukweni, wakae waitazame bahari, uwaulize dhahabu ya Zimbabwe ilifikaje hapa. Waache wahangaike. Ndo uwaambie ilichimbwa bara huko kusini, ikashushwa mpaka Sofala pwani ya Msumbiji, ikapandishwa kwa majahazi, na Kilwa ndo ilikaa mlangoni inakusanya, na sarafu zake yenyewe ilizipiga hapa hapa, za shaba, zenye majina ya masultani. Sarafu ya sultani wa Kilwa al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe. Na mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, na hapo mwanafunzi hata aliyekuwa anasinzia utaona amefumbua macho. Zilifikaje huko? Hilo waachie wabishane kwenye boti wakati wa kurudi.

Baada ya hapo Msikiti Mkuu. Ulianzwa karne ya 11, ukapanuliwa baadae, na kwa muda mrefu hapakuwa na msikiti mkubwa kuupita kwenye pwani ya Waswahili. Waingize kwenye sehemu yenye makuba, waambie watazame juu, na waguse nguzo. Ni matumbawe yale yale wanayokanyaga ufukweni. Watu walikata jiwe baharini likiwa bichi na laini, wakalichonga, likakauka, wakachoma mengine kwenye tanuu yakawa chokaa. Ukiwa na wanafunzi wa kemia mwambie mwalimu wao aje, hapo ana somo zima.

Alafu mtembee mpaka Husuni Kubwa, ni mbali kidogo na jua kali ila msiiache. Hii ni kasri ya yule yule al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, juu ya mwamba unaoitazama bahari, vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogelea la pembe nane. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa wakati wa sultani huyu na akamsifia kwa ukarimu, watu wakimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Mpe mwanafunzi mmoja awe Ibn Battuta, asimame kwenye birika aeleze anachokiona. Mie nilifanya hivyo na kundi la vijana kutoka Unguja na kuna mmoja, mtulivu, hasemi darasani, siku ile alizungumza robo saa nzima wenzake wanamsikiliza.

Maliza na Gereza pale ufukweni. Wareno walikuja 1505 wakauteka mji wakaweka ngome, na 1512 wakaondoka, na hii ngome unayoiona sasa ni ya Waomani juu ya mabaki yao.

Na mwalimu, kisiwa kina watu. Wanaishi hapo, wanavua, wanalima, watoto wao wanasoma hapo. Tafadhali omba mzee mmoja wa kijiji akae na wanafunzi nusu saa awasimulie habari za mji kama alivyozipokea yeye. Lipa chakula kijijini, samaki na wali, usibebe maandazi kutoka Lindi. Bahari imekuwa ikila yale magofu, UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara, ikayaingiza kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na kuyatoa 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaimarisha. Yakilindwa yanalindwa na hawa wanaolala karibu nayo, kwa hiyo wapate chochote na wanafunzi wako wawajue.

Mbona Pemba hamuitaji kabisa? Kila kitu Unguja Unguja. (Mpemba, Wete)

Una haki ya kukasirika ndugu yangu. Nakutajia na wengine wasome.

Chake Chake kuna Makumbusho ya Pemba ndani ya ngome ya zamani, madogo lakini yamepangwa vizuri, mtu aanzie hapo. Ras Mkumbuu kuna msikiti mkubwa wa zamani na makaburi ya minara kwenye ncha ya rasi, ukienda kwa mashua unauona mji kama walivyouona wafanyabiashara wenyewe. Na Pujini kwa Mkamandume, hapa ndo pangu. Ngome yenye boma na handaki, ya karne ya 15 na 16 hivi, na jina lenyewe lina maana ya mwenye kukamua wanaume, manake inasimuliwa kuwa alikuwa mkali mpaka watu wakibebeshwa mawe ya ukuta huku wanasota kwa makalio. Kuna kisima, wanasema kilikatwa kati kwa ukuta kwa sababu wake zake wawili walikuwa hawapatani, mmoja akishuka kwa ngazi na mwengine akivuta kwa ndoo na kamba ili wasionane. Nimekaa ukingoni mwa kisima kile na bibi mmoja wa hapo hapo kijijini anavyokisimulia utadhani wale wake wawili ni majirani zake wa juzi.

Na mchezo wa ng'ombe nao, ule ambao watu wanasema ulianzia kwa Wareno, huo unauona ukiwa hai Pemba.

Wapi naweza kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu? Nina miaka 22. (Tanga)

Uliza Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, Unguja, kimeanza 2002 na wanafundisha kanuni, udi, fidla, ngoma na nyengine. Kimepita vipindi vigumu vya pesa kwa hiyo ukipata nafasi usicheleweshe. Na siku zako za huko usikae darasani tu, nenda kasikilize mazoezi ya vikundi vya zamani, Ikhwani Safaa ipo tokea 1905. Sikiliza Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, mpaka akapelekwa Bombay mwaka 1928 akarekodi santuri kwa Kiswahili. Sikiliza na Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mzee sana na bado anapanda jukwaani. Miaka 22 si kuchelewa mwanangu.

Assalam alaykum bibi. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Unguja, sisi tumezaliwa Muscat lakini nyumbani tunazungumza Kiswahili. Amefariki na ameniachia kanga moja na jina la mtaa tu. Nikija nianzie wapi kumtafuta? (Mjukuu, Muscat)

Waalaykum salaam warahmatullah, Mungu amrehemu bibi yako.

Anzia Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa. Kuna mafaili ya zamani ya serikali, ya ardhi, ya wakfu, na hati za Kiarabu ambazo UNESCO iliziingiza kwenye Kumbukumbu za Dunia mwaka 2003. Usiende mikono mitupu. Andika jina la bibi yako mpaka la babu yake, jina la mumewe, mtaa, shamba kama walikuwa nalo na lilikuwa kijiji gani, na mwaka wa kukisia. Jina moja peke yake halitokupeleka popote, Mariam wapo wengi. Wafanyakazi wa pale wana subira, waeleze habari yote, na ujipe siku tatu au nne si asubuhi moja.

Pita na Mtoni, magofu ya kasri la kwanza la Sultani Said lililojengwa mwisho wa miaka ya 1820 na mwanzo wa 1830, si kwa ajili ya bibi yako lakini utaelewa dunia waliyozaliwa watu wake. Alafu nenda mtaani. Usiende mchana wa jua, nenda baada ya laasiri watu wakiwa barazani, toa salamu, kaa, wakuulize wewe kwanza wa nani. Ukishasema majina wataanza kubishana wenyewe kwa wenyewe nyumba ipi, nani alihama, nani aliolewa wapi, na we sikiliza tu na uandike.

Na hiyo kanga njoo nayo. Usiioshe wala usiipige pasi, ije kama ilivyo. Wanawake wa umri wangu tunazijua kanga kwa jina lake na mwaka ilipotoka, nani alivaa harusi gani. Ifungue barazani uwasomee jina lake.